Je, sifa ishirini zinapingana na umoja wa Mwenyezi Mungu?

Swali: Asalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Mikindani. Nilisomeshwa sifa ishirini za Mwenyezi Mungu tangu utotoni, na ndizo ninazowasomesha watoto. Hivi karibuni kijana mmoja wa mtaani kwetu amerudi kutoka masomoni, anawaambia wazazi kwamba sifa ishirini ni falsafa ya Wayunani na kwamba tauhidi ya Kurani, yaani kumpwekesha Mwenyezi Mungu, ni mafungu matatu. Tena anauliza: ikiwa Mungu ni mmoja, vipi mnamwekea mambo ishirini ya milele? Wazazi wamegawanyika. Naomba kujua kama kweli sifa hizi zinapingana na umoja wa Mwenyezi Mungu. Juu ya hayo, mwanafunzi wangu mmoja ameniuliza kama Mwenyezi Mungu, kwa kuwa anaweza kila kitu, anaweza kuumba Mungu mwingine. Nilimwambia anyamaze, lakini moyo haujatulia.

Jibu: Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwalimu mwenzangu.

Hazipingani. Sifa ishirini ziliwekwa ili kuulinda umoja huo, na mafungu matatu nayo yaliwekwa kwa lengo hilohilo, ila kila mpango ulikabili hatari yake: wa kwanza uliwakabili watu waliokosea katika kumfikiria Mwenyezi Mungu, na wa pili uliwakabili watu waliokosea katika kumwabudu. Aliyesoma mmoja tu humwona mwenzake ameacha jambo kubwa, na hapo ndipo mgogoro wa mtaani kwenu unapoanzia. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu wewe ni mwalimu na wazazi watakuuliza zaidi ya uliyoniuliza.

Hesabu ya ishirini haimo katika Kurani wala katika hadithi, na ni bora wazazi walisikie hilo kutoka kwako kabla hawajalisikia kwa mtu mwingine kama siri iliyofichuliwa. Aliyeieneza ni Imam Muhammad bin Yusuf as-Sanusi wa Tlemcen, mji ulio katika Algeria ya leo, aliyefariki mwaka 895 Hijria (1490), kwa njia ya kitabu kidogo kiitwacho Umm al-Barahin. Kitabu hicho kilisomwa na kufasiriwa Misri na Hijazi, na mwaka 1258 Hijria (1842) Sheikh Ahmad al-Marzuqi, aliyekuwa akisomesha Makka, akazitunga sifa hizo katika beti za Aqidatul Awam, ambazo watoto wa pwani yetu huziimba mpaka leo. Hazikupata upinzani kuingia huku. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake ni wafuasi wa madhehebu ya Shafi'i, na wanazuoni wengi wa Kishafi'i, katika mambo ya itikadi, walishika njia ya Imam Abul Hasan al-Ash'ari, njia ileile aliyoiandikia as-Sanusi.

Kuhusu tuhuma ya falsafa ya Wayunani, ina ukweli nusu. As-Sanusi anaanza kwa kugawa hukumu za akili mafungu matatu, yaani lililo wajibu (lisiloweza kutokuwapo), lililo muhali (lisiloweza kuwapo) na lililo jaizi (linaloweza yote mawili), na namna hiyo ya kupanga hoja ina udugu na mantiki iliyofasiriwa kwa Kiarabu katika zama za Bani Abbasi. Lakini chombo si bidhaa. Wayunani hawakufundisha kwamba ulimwengu wote umeumbwa na Mungu aliyetaka kuuumba na angeweza kutouumba, na hilo ndilo as-Sanusi analolisimamia tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hata Ibn Taymiyya, mjenzi mkuu wa mpango wa mafungu matatu, aliyeandika kitabu kizima kuwajibu watu wa mantiki, hoja zake amezipanga kwa ustadi ambao mtu wa mantiki angejivunia.

Sasa tuziangalie sifa zenyewe, maana swali la wingi haliwezi kujibiwa bila kujua kwamba sifa ishirini si za aina moja. Ya kwanza, Wujudu, yaani kuwapo, huitwa sifa ya nafsi, kwa sababu haiongezi kitu juu ya dhati, yaani Mwenyezi Mungu mwenyewe, bali inasema tu kwamba dhati hiyo ipo. Tano zinazofuata, yaani Kidamu, Bakaa, Mukhalafatu lil-hawadithi, Kiyamuhu binafsihi na Wahdaniya, huitwa sifa za kukanusha, kwa kuwa kazi yake ni kumwondolea Mwenyezi Mungu yasiyomfaa: kuwa na mwanzo, kuwa na mwisho, kufanana na viumbe, kumhitaji mwingine, na kuwa na wingi au mshirika. Mtu akisema kwamba Mungu hana mwanzo wala mwisho hajataja vitu viwili vilivyo pamoja na Mungu. Basi sita za mwanzo zimekwisha bila ya kuleta wingi wowote.

Saba za mwisho, zile mnazoimba kwa kuanza na Kaunuhu, maana yake ni kuwa kwake Muweza, kuwa kwake Mwenye kutaka, kuwa kwake Mjuzi, na kuendelea. Hizi zimejengwa juu ya rai ya kwamba kuna kitu kinachoitwa hali, kisichosemwa kuwa kipo wala kuwa hakipo, rai ambayo Qadhi Abu Bakr al-Baqillani, aliyefariki mwaka 403 Hijria (1013), alielekea kuikubali, lakini wengi katika wenzake wakaikataa. Kwa wasioikubali, kuwa Mjuzi ni kule kuwa na ujuzi tu, na hakuna haja ya kuhesabu mara ya pili. Kwa hiyo ndani ya njia ya al-Ash'ari wenyewe wamo wanaohesabu kumi na tatu, na hakuna aliyewaambia kwamba wamepunguza dini. Mambo haya si ya watoto, bila shaka. Nayataja ili ujue kwamba ishirini ni hesabu ya kufundishia, iliyopangwa ili iimbike na ikae kichwani, wala si mipaka ya ukamilifu wa Mwenyezi Mungu, ambao wanazuoni hao hao wanasema hauna mwisho.

Zinabaki saba za kati: Qudra, Irada, Ilmu, Hayati, Samu, Basari na Kalamu, yaani uwezo, kutaka, ujuzi, uhai, kusikia, kuona na maneno. Hizi kweli zinathibitisha jambo, na hapa ndipo swali la wingi lina uzito. Kama ujuzi wa Mwenyezi Mungu ni wa milele, na uwezo wake ni wa milele, na maneno yake ni ya milele, je, hatukusema kwamba kuna vya milele vingi?

Swali hili ni la zamani, na lina wenyewe. Ni swali la Mu'tazila, kundi lililoanzia Basra na ambalo mkuu wake wa mwanzo, Wasil bin Ata, alifariki mwaka 131 Hijria (748). Wao walijiita watu wa uadilifu na tauhidi, na waliona kwamba umoja wa Mungu hausalimiki mpaka zikanushwe sifa zilizo zaidi ya dhati: Mungu anajua kwa dhati yake, si kwa ujuzi alio nao. Matokeo yake ni kwamba maneno yake nayo hayawezi kuwa ya milele, na kwa hiyo Kurani ni kiumbe. Mwaka 218 Hijria (833) Khalifa al-Ma'mun akaifanya rai hiyo kuwa mtihani wa serikali kwa makadhi na wanazuoni, na Imam Ahmad bin Hanbal, aliyekataa kuitamka, akafungwa, kisha akapigwa mijeledi katika utawala wa al-Mu'tasim aliyefuata. Ikiwa kijana wenu amesoma kwa walimu wanaojinasibisha na Imam Ahmad, kama ninavyodhani kutokana na mafungu yake matatu, basi amekujieni na hoja ya wale waliomfunga Imam Ahmad. Sidhani kama anajua. Mwambie kwa upole, tena faraghani, maana walimu wake wangekuwa wa kwanza kuikataa: wao wanathibitisha sifa nyingi kuliko hizo saba.

Jibu la njia yetu lilitolewa na al-Ash'ari mwenyewe, aliyefariki mwaka 324 Hijria (karibu na 936), na ambaye alilelewa katika elimu ya Mu'tazila mpaka umri wa takriban miaka arobaini kabla ya kuwaacha. Alisema kwamba sifa za Mwenyezi Mungu si dhati yenyewe, wala si kitu kingine kilicho mbali na dhati. Ukisikia maneno hayo kwa mara ya kwanza utadhani ni mchezo wa kukwepa. Lakini zingatia nini kinachokusudiwa na kitu kingine: vitu viwili huwa ni viwili, kila kimoja si mwenzake, pale ambapo kimoja kinaweza kuwapo na mwenzake hayupo. Ujuzi wa Mwenyezi Mungu hauwezi kuwapo pasipo Mwenyezi Mungu, na hapakuwa na wakati ambapo Mwenyezi Mungu alikuwapo bila ya ujuzi. Kilichokatazwa na tauhidi ni kuthibitisha dhati mbili za milele, kila moja ikijitegemea. Dhati moja iliyo hai, yenye kujua na kuweza, haiwi dhati nne kwa sababu sisi tumehitaji maneno manne kuitaja.

Si Waislamu wote walioridhika na jibu hilo. Maibadhi na Mashia Imamiya walibaki karibu na rai ya kwamba sifa za dhati ni dhati yenyewe, na wao pia wanasema wamefanya hivyo kwa ajili ya kuulinda umoja. Wazee wa pwani yetu hawakuwa wageni wa tofauti hiyo: Kilwa, Lindi na Mikindani zilikuwa chini ya masultani wa Zanzibar, ambao walikuwa Maibadhi, ilhali raia wengi Waislamu walikuwa Mashafi'i. Mimi nashikilia jibu la al-Ash'ari, si kwa sababu linaondoa ugumu wote, bali kwa sababu linakataa kusema zaidi ya yale yanayoweza kusemwa. Kurani inathibitisha kwamba Mwenyezi Mungu ana ujuzi, na inathibitisha kwamba hakuna kitu kilicho mfano wake. Mwenye kuyashika yote mawili hana budi kufika mahali ambapo lugha inaishia.

Tukirudi kwenye sifa ya sita, Wahdaniya, nakuomba uipe muda mrefu zaidi darasani kuliko ndugu zake. Mara nyingi mtoto huambiwa kwamba maana yake ni kuwa Mungu ni mmoja, basi somo likaishia hapo, naye akaondoka akidhani kwamba ni mmoja kama anavyohesabu kidole cha kwanza kabla ya cha pili. Kitabu cha al-Fiqh al-Akbar, kinachonasibishwa na Imam Abu Hanifa, kinasema kwamba Mwenyezi Mungu ni mmoja si kwa njia ya idadi, bali kwa maana ya kwamba hana mshirika. Kimoja cha idadi kinaweza kuongezewa cha pili, na kinaweza kugawanywa nusu. Wahdaniya inakanusha yote mawili. Wafasiri wa as-Sanusi wanaeleza kwamba inakanusha wingi wa namna tano: dhati yake kuwa imeungana kwa sehemu; kuwapo dhati nyingine mfano wa dhati yake; yeye kuwa na sifa mbili za aina moja, kama vile ujuzi wawili; kiumbe kuwa na sifa kama sifa yake; na kiumbe kuwa na kitendo anachokileta mwenyewe katika kuwapo pasipo Mwenyezi Mungu kukiumba.

Dalili ya kwamba hapawezi kuwa na miungu wawili wanazuoni wameichukua katika Sura ya Al-Anbiya, aya ya 22, inayosema kwamba lau mbinguni na ardhini wangekuwamo miungu wasiokuwa Mwenyezi Mungu, basi vyote viwili vingeharibika. Hoja waliyoijenga juu yake huitwa ya kuzuiana. Tuseme wapo wawili, na mmoja akataka jahazi lililo bandarini ling'oe nanga wakati uleule ambao mwingine anataka litulie. Ikiwa matakwa ya wote wawili yatatimia, jahazi litakuwa linakwenda na limesimama kwa pamoja, na hilo ni muhali. Yasipotimia ya yeyote, wote ni wanyonge. Yakitimia ya mmoja, aliyeshindwa si Mungu. Mwanafunzi mwerevu atakuuliza: je, kama wanakubaliana siku zote? Mwambie kwamba kitu kimoja hakiwezi kuletwa kikamilifu na waletaji wawili, kwa sababu akishakileta wa kwanza hakuna kilichobaki kuletwa, na kama kila mmoja amekileta nusu, basi kila mmoja amemhitaji mwenzake, na mhitaji si Mungu. Mwanafalsafa Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 595 Hijria (1198), hakupendezwa na mpango huu wa hoja akasema kwamba haukubaliani na muundo wa aya yenyewe, naye mwanazuoni Sa'd ad-Din at-Taftazani akasema kwamba aya, kwa namna ilivyo, ni hoja ya kuridhisha nyoyo zaidi kuliko burhani ya kukata. Wenzake walimkasirikia kwa hilo. Lakini mabishano hayo yalikuwa juu ya umbo la hoja, na waliobishana wote walikuwa wakisimama katika swala moja.

Nije sasa kwenye mafungu matatu. Mpango huu unaigawa tauhidi kuwa ya rububiya, yaani kumpwekesha Mwenyezi Mungu katika kuumba, kumiliki na kuendesha. Ya uluhiya, yaani kumpwekesha katika ibada. Na ya majina na sifa. Umejengwa hasa na Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria (1328), ukafafanuliwa na Ibn Abil Izz al-Hanafi katika maelezo yake juu ya itikadi ya Imam at-Tahawi, kisha ukaenezwa kwa nguvu na wito wa Muhammad bin Abdul-Wahhab huko Najd, Uarabuni, katika karne ya 18. Mpango wenyewe kwa maneno hayo haumo katika Kurani wala hadithi, kama ambavyo ishirini hazimo. Ikiwa kupangwa baada ya Mtume ni kosa, ni kosa la pande zote mbili. Na kwangu mimi si kosa la upande wowote, kwa sababu mwalimu hawezi kufundisha bila ya kupanga.

Kinachousimamisha mpango huu ni jambo la kweli kabisa ambalo mwenye kusoma sifa ishirini kwa kuimba tu anaweza kulipita. Katika Sura ya Al-Ankabut, aya ya 61, Kurani inasema kwamba washirikina wa Makka wakiulizwa ni nani aliyeumba mbingu na ardhi watasema ni Mwenyezi Mungu. Aya ya 65 inasema kwamba wanapopanda merikebu humwomba Mwenyezi Mungu peke yake, kwa kumtakasia dini, na anapowaokoa wakafika nchi kavu, mara wanamshirikisha. Na katika Sura ya Az-Zumar, aya ya 3, wanajitetea kwamba hawawaabudu wale wengine ila ili wawakurubishe kwa Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo mtu anaweza kukiri kwamba Muumba ni mmoja na bado akawa mshirikina, kwa sababu ameielekeza ibada yake kwingine. Hilo kijana wenu yuko sahihi kulisema, na usilikatae kwa sababu tu limetoka kwake.

Lakini wanazuoni wa njia ya al-Ash'ari wana jambo la kujibu, nalo si dogo. Washirikina wa Makka hawakuwa na tauhidi kamili ya rububiya. Walimkubali Muumba mmoja, ila waliamini kwamba masanamu yao yana nguvu ya kudhuru na kunufaisha, na kama wasingeamini hivyo wasingeyaabudu. Kurani yenyewe haitenganishi sana Mola na Mungu: katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 172, agano walilochukuliwa wanadamu wote lilikuwa ni swali la kama Mwenyezi Mungu si Mola wao, wala halikufuatiwa na swali la pili. Mgawanyo ukitumika kufundishia unasaidia. Ukitumika kuamua nani ni Mwislamu na nani si Mwislamu, unaleta balaa.

Na hapa nataka uone jambo ambalo pande zote mbili mtaani kwenu huenda wamelisahau. Namna ya tano ya wingi inayokanushwa na Wahdaniya, ile ya vitendo, inayabeba yote anayoyapigania kijana huyo. Wanazuoni wa sifa ishirini walifundisha kwamba moto hauunguzi kwa nguvu yake wenyewe, wala dawa haiponyi, wala chakula hakishibishi. Mwenyezi Mungu ndiye anayeumba kuungua wakati moto unapogusa, kwa ada aliyoipitisha, na anaweza kuiacha ada hiyo, kama alivyofanya kwa Nabii Ibrahim. Anayeamini kwamba kitu huathiri kwa tabia yake chenyewe pasipo Mwenyezi Mungu walimhukumu kuwa ametoka katika imani. Sasa chukua kanuni hiyo uende nayo mitaani. Mtu anayemfunga mtoto hirizi akiamini kwamba ile hirizi ndiyo inayozuia ugonjwa, mtu anayekwenda kumwaga unga wa mtama chini ya mti na kuwaita mizimu wampe mavuno au wamlinde mwali wa unyago, mtu anayeahirisha safari kwa sababu mganga amemwambia siku hiyo ina nuhusi: wote hao wameipoteza sifa ya sita hata kama wanaimba zote ishirini bila ya kukosea. Hukuhitaji mpango mwingine ili kuwakataza. Ulihitaji kuusomesha ulio nao mpaka mwisho wake.

Si kila jambo analolikataza kijana liko katika daraja hiyo. Kuzuru makaburi ni sunna, kwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa amekataza kisha akaamrisha. Kumwomba Mwenyezi Mungu kwa jaha ya Mtume, yaani kwa heshima aliyo nayo mbele yake, ambako anayeombwa ni Mwenyezi Mungu peke yake, kumeruhusiwa na wanazuoni wengi wa madhehebu manne na kumekatazwa na Ibn Taymiyya na wanaomfuata. Hilo ni suala la fikihi lenye ikhtilafu. Kumwita maiti na kumtaka yeye mwenyewe ampe mtu mtoto au riziki ni jambo jingine, na mwenye kulifanya afundishwe, tena kwa upole. Usama bin Zaid alimuua vitani mtu aliyekuwa ameshatamka shahada, naye akajitetea kwamba mtu huyo aliitamka kwa kuogopa silaha, na Mtume akamuuliza kama aliupasua moyo wake. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim, na ningependa kila kijana anayerudi masomoni aje nayo katika mkoba wake.

Kuhusu daraja za watu katika tauhidi, Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ana maelezo katika kitabu chake Ihya ambayo yatakufaa na watoto wakubwa. Alitoa mfano wa jozi, tunda ambalo wanafunzi wako hawajalishika, kwa hiyo wape nazi. Makumbi ni mtu anayetamka kwa ulimi na moyo umeghafilika. Humkinga na upanga wa duniani, kisha hutupwa. Kifuu ni mtu anayeamini kwa moyo alichokitamka. Hiyo ndiyo imani ya Waislamu wa kawaida, ni ngumu na inahifadhi. Nyama ya nazi ni mtu anayeyaona mambo yote, pamoja na wingi wake, kuwa yanatoka kwa Mmoja. Na mafuta yaliyokamuliwa ni yule ambaye haoni tena ila Mmoja. Al-Ghazali alisema jambo la kushangaza kwa mtu aliyeandika katika elimu ya kalamu, yaani elimu ya kuitetea itikadi kwa hoja: kwamba mwanazuoni wa kalamu, kwa hoja zake zote, yuko kwenye kifuu pamoja na watu wa kawaida, na tofauti yake ni kwamba yeye anajua kukilinda. Sisi walimu wa sifa ishirini tunalinda vifuu.

Kwa upande wa kusomesha, ushauri wangu ni kwamba uendelee na Aqidatul Awam kwa watoto wadogo, na kila sifa uifungie aya yake: Wahdaniya na Sura ya Al-Ikhlas, Mukhalafatu lil-hawadithi na aya ya 11 ya Sura ya Ash-Shura, Kidamu na Bakaa na aya ya 3 ya Sura ya Al-Hadid. Mzazi akiuliza sifa hizi zimetoka wapi, mtoto mwenyewe atamsomea. Watakapofika umri wa kubaleghe, wasomeshe yale mafungu matatu pia, hasa la ibada, na uwaambie yalikotoka. Ikiwezekana, mwalike kijana huyo asomeshe somo hilo moja, na wewe ukae nyuma na wanafunzi.

Na sasa mwanafunzi uliyemnyamazisha. Swali lake ni zuri, na as-Sanusi alikwishaliwekea jibu katika namna alivyoieleza Qudra: uwezo wa Mwenyezi Mungu unahusiana na yale yanayowezekana, yaani yanayoweza kuwapo na yanayoweza kutokuwapo, na hauhusiani na lililo wajibu wala lililo muhali. Si kwa sababu uwezo umepungua, bali kwa sababu muhali si kitu cha kufanywa. Muulize mtoto: huyo Mungu wa pili atakuwa ameumbwa, au hakuumbwa? Atasema ameumbwa, maana ndivyo alivyouliza. Muulize tena: aliyeumbwa ana mwanzo, au hana? Atasema anao. Kisha muulize sifa ya pili ni ipi. Atasema ni Kidamu, kutokuwa na mwanzo. Basi aliyeumbwa hakosi kuwa na mwanzo, na mwenye mwanzo si Mungu. Kwa hiyo alichokitaka mtoto ni kiumbe ambacho si kiumbe, na maneno hayo hayataji chochote ambacho mtu anaweza kusema Mwenyezi Mungu amekishindwa. Mwite umjibu mbele ya wenzake, kwa kuwa mbele yao ndipo uliponyamazisha swali lake, na akiuliza la pili, mwache aulize.